Mkalimani na Mikono ya Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamua kuandika shajara kwa sababu mbili. Kwanza, mtu aliyesoma kama nilivyosoma mimi hana budi kuacha kumbukumbu. Pili, mahali ninapoishi hapana mtu wa kubishana naye kwa kiwango kinachoniridhisha, kwa hiyo nitabishana na karatasi.

Ninaishi kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba. Chumba cha mbele cha nyumba yake ni karakana ya ushonaji: meza ndefu ya kukatia katikati, cherehani dirishani, pasi mbili, na bati linalovuja mahali pamoja tu, juu ya rafu ya redio. Wafanyakazi ni watatu. Fundi wa mkasi ni msichana mwenye umri kama wangu. Wanamwita Sentimita kwa kuwa hutembea na utepe shingoni na hupima hata mkate kabla ya kuukata. Anayeunganisha nguo ni Kasuku, ambaye hahitaji maelezo zaidi. Mama Vifungo, mwenye mvi na miwani, hutia vifungo na kutoboa matundu yake; husema maneno machache, na yote huniudhi.

Kazi ya msimu huu ni makoti mia na ishirini ya wanafunzi. Yanatakiwa Jumatatu ya tarehe 15 Aprili, shule zifunguliwapo. Mimi sihusiki. Nasubiri usaili wa nafasi ya mhadhiri msaidizi, Jumanne ya tarehe 9 Aprili. Shangazi ameutangaza usaili huo mtaa mzima, hata muuza mkaa amenipa pole na hongera kwa pamoja.

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Redio imekufa.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Kasuku amekuwa akiimba badala ya redio. Sijaweza kusoma hata ukurasa mmoja.

Jumatano, 6 Machi

Leo Kasuku alinyamaza ghafla, akanigeukia.

"Profesa, wewe si unasoma siku nzima? Soma kwa sauti basi, na sisi tufaidi."

Nikaona fursa ya kuelimisha umma. Nikachukua ile riwaya kongwe inayosomeshwa mashuleni, ambayo niliiandikia tasnifu ya kurasa mia na kumi na nne. Mhusika wake mkuu, Mkalimani, ni karani wa mahakama anayetafsiri maneno ya watu wasioelewana lugha, na anaamini kwamba mji wote ungeteketea bila ulimi wake. Wahakiki wanasema ni mtu wa majivuno, mwoga, anayejipamba kwa kazi za wengine. Tasnifu yangu imethibitisha kwamba ni shujaa asiyetambuliwa.

Nilisoma sura ya kwanza, pale Mkalimani anapojitazama kwenye ndoo ya maji na kujiambia kwamba paji lake la uso ni paji la mtu wa historia. Walicheka mpaka cherehani ikasimama.

"Huyu namjua," alisema Kasuku. "Huyu ni shemeji yangu mtupu."

"Mnamcheka bila kumwelewa," niliwaambia. "Mwandishi anatumia kinaya. Hiyo ndoo ni ishara ya upweke wa msomi."

"Ndoo ni ndoo, mwanangu," alisema Mama Vifungo, akiuma uzi.

Jumamosi, 9 Machi

Siku tatu mfululizo wamemcheka Mkalimani. Nimegundua kwamba kosa si la mhusika. Kosa ni la mwandishi, ambaye kila baada ya kurasa tano humpiga vijembe mtu wake mwenyewe. Iwapo msikilizaji hajakomaa, je, si wajibu wa msomaji kumlinda na vipande vitakavyompotosha? Mkalimani mwenyewe hufanya hivyo mahakamani: mlalamikaji akitukana, yeye hutafsiri kwamba "mlalamikaji anasikitika".

Kuanzia Jumatatu nitaruka baadhi ya aya. Pale ambapo kuruka kutaacha pengo, nitaongeza sentensi moja au mbili za kwangu, zenye mtindo ule ule. Huku si kudanganya. Huku ni kuhariri.

Jumatano, 13 Machi

Mafanikio makubwa. Leo Mkalimani, kwa msaada wangu mdogo, ametoa hotuba ya kumtetea mjane, nao wakasikiliza kimya. Katika kitabu hotuba hiyo anaitoa akiwa amekosea chumba, na mjane hayupo.

"Mtu mwema kumbe," alisema Sentimita, huku akichora chaki. "Hana hata doa."

"Hana," nilisema.

"Hata kidogo?"

"Mtu akieleweka vizuri, madoa huondoka."

Mama Vifungo alipatwa na kikohozi. Nimemshauri anywe maji ya moto.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua.

Jumatatu, 18 Machi

Leo nimefanya kazi ya mikono, na naiandika kwa kuwa ilikuwa na somo.

Miili ya makoti yote imeshakatwa, imebaki mikono. Kasuku, ambaye kwa kawaida hutandika kitambaa mezani kabla ya kukatwa, amevimba kifundo cha mkono. Sentimita alikuwa shuleni kupima sketi za wanafunzi waliochelewa. Shangazi akaniomba.

"Baba, ni kunyoosha kitambaa tu. Matabaka thelathini. Sentimita ameacha maagizo: uso kwa uso."

Kitambaa chenyewe kina uso unaong'aa na mgongo uliofifia. "Uso kwa uso" maana yake ni kulipeleka jora mbele na kulirudisha, hivi kwamba tabaka moja linatazama juu na linalofuata linatazama chini. Nililitafakari agizo hilo na kuliona ni la kizembe. Je, kitabu hupangwa ukurasa mmoja kichwa juu, mwingine kichwa chini? Nikatandika matabaka yote thelathini yakitazama juu, nikikata kila moja mwishoni na kurudi mwanzo wa meza. Ilinichukua saa tatu badala ya moja, lakini rundo lilipendeza kama kamusi.

Shangazi alichungulia kutoka jikoni akasema, "Mashallah, usomi huonekana hata kwenye kitambaa."

Jumanne, 19 Machi

Sentimita amekata mikono yote asubuhi, haraka haraka, akafunga mafurushi. Hakusema lolote kuhusu mpangilio wangu. Nilitarajia walau neno moja.

Alhamisi, 21 Machi

Tulifika sura ya kumi na moja, nami nikaiacha yote. Nimesoma ya kumi, nikaingia ya kumi na mbili kama mtu anayevuka dimbwi.

Ni sura iliyomharibia jina Mkalimani kuliko zote. Anapoteza mhuri wa mahakama kwa uzembe wake; tarishi anasingiziwa na kufukuzwa kazi; Mkalimani anasimama pale pale, anajua, na hasemi. Badala yake anatoa hotuba nzuri sana kuhusu subira. Katika ukurasa wa sabini na nne wa tasnifu nimeeleza kwamba kimya hicho ni cha kifalsafa. Lakini falsafa ile haifai kwa watu wenye pini mdomoni.

"Tarishi kaenda wapi?" aliuliza Kasuku. "Si alikuwepo jana?"

"Amestaafu," nilisema.

Jumatatu, 25 Machi

Leo nitaandika kirefu, kwa sababu nimetikisika kidogo.

Kasuku amepona, akaanza kuunga mikono. Akatia wa kushoto kwenye koti la kwanza, akachukua mwingine, akautazama, akautupa kando.

"Huu wa kushoto." Akachukua wa tatu. "Na huu wa kushoto." Akachukua wa nne. "Jamani, hawa watoto tumeambiwa wana mikono gani?"

Tukacheka, mimi nikiwemo. Kisha Mama Vifungo akafungua furushi la pili, akafungua la tatu, na kicheko kikakatika. Mikono mia mbili na arobaini, yote ya kushoto.

Mkono wa koti, nilijifunza papo hapo, una mbele na nyuma. Kiolezo ni kimoja. Matabaka yakitazamana, kila mkato hutoa wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Matabaka yote yakitazama juu kama kurasa za kitabu, hutoa wa upande mmoja tu, hadi mwisho wa kamusi. Nilielewa jambo hili kabla Shangazi hajavuka kizingiti.

"Haiwezekani kuigeuza?" niliuliza.

"Inawezekana," alisema Mama Vifungo. "Mkono mmoja ung'ae, mwingine ufifie. Mtoto aonekane kavaa makoti mawili nusunusu. Na kitambaa kimekwisha."

Sentimita hakupiga kelele. Alichukua mikono kumi, akaipanga mezani mmoja mmoja, akaning'iniza utepe shingoni, akaniangalia.

"Profesa. Ulitandika uso kwa uso?"

Ningeweza kujibu. Ninaandika hapa kwa uaminifu kwamba neno lenyewe lilifika mpaka nyuma ya meno. Lakini nilijisikia nikisema:

"Nilitandika kwa utaratibu nilioona unakifaa zaidi kitambaa kile."

"Ndiyo au hapana?"

"Suala lenyewe si jepesi kiasi hicho."

Hapo Shangazi akaingia kati yetu. "Mwacheni mtoto, ana usaili. Nauliza mimi: aliyeshika mkasi nani?"

"Ni mimi," alisema Sentimita.

"Ulikagua matabaka kabla ya kukata?"

"Sikukagua."

"Basi."

Nilisema maneno machache kuhusu umuhimu wa utulivu wakati wa matatizo. Kasuku alianza kuokota mikono aliyoitupa.

Jambo moja linanifariji: mafurushi yalikwisha kuvurugwa. Hakuna awezaye kuthibitisha jinsi matabaka yalivyolala. Ni mimi peke yangu ninayejua.

Jumanne, 26 Machi

Hakuna aliyeniomba kusoma.

Jumatano, 27 Machi

Shangazi amemwambia Sentimita akae nyumbani, na kwamba atatafuta fundi wa mkasi "mwenye macho".

Nilipata kujua kwa Kasuku jambo nisilolijua: miguu ya Shangazi inamsumbua, na mwezi huu alikusudia kumkabidhi Sentimita usimamizi wa karakana yote. Kitabu cha vipimo vya wateja alikuwa ameshamwonyesha. Sasa hapana usimamizi wala mkasi.

Sentimita aliufunga mkasi wake kwa kitambaa cha pamba, akauweka kwenye mkoba. Mlangoni akageuka.

"Huyo Mkalimani, mwisho wake unakuwaje?"

"Anaheshimiwa na mji mzima," nilisema.

"Vizuri," alisema, akafungua mwavuli.

Alhamisi, 28 Machi

Nimeyapanga mambo kimantiki. Kwanza: mkata nguo ana wajibu wa kukagua, na mwenyewe amekiri. Pili: agizo la "uso kwa uso" halikufafanuliwa kwa maandishi. Tatu: mtu mwenye usaili hana haki ya kujivuruga akili, kwa kuwa akiajiriwa atawafaa wengi zaidi, pamoja na huyo Sentimita, kwa njia ambayo itaonekana baadaye.

Hoja zote tatu ni imara. Nimezisoma mara nne. Mvua ilisimama mchana kutwa, na bado sikutoka nje.

Jumatatu, 1 Aprili

Kasuku ndiye anayekata nguo za wateja wengine sasa, huku akilalamika, na kila mtu anafanya kazi ya watu wawili. Nilidhani hadithi ingewachangamsha, nikachukua kitabu. Mama Vifungo akashusha miwani.

"Tusomee ya kumi na moja."

"Tumeshaipita, Mama."

"Tumeiruka. Tusomee."

Akafungua mkoba wake, akatoa nakala kuukuu ya riwaya ile ile, isiyo na jalada, imefungwa kwa ukanda wa mpira. Niliitazama kama mtu anayekutana na mdai wake sokoni.

"Ulikuwa nayo muda wote?"

"Niliisoma shuleni wewe hujazaliwa. Nikamsomea binti yangu, sasa anasoma mjukuu."

"Siku ya kwanza uliporuka," alidakia Kasuku, "Mama alituambia. Tukawa tunabashiri. Mimi nilisema ataruka ndoo ya pili, Sentimita akasema hapana, ataruka pale Mkalimani anapomwogopa mbuzi. Akapatia! Halafu hotuba ya mjane! Profesa, ile uliipika vizuri, mimi nililia machozi ya kweli, na nilijua ni uongo!"

"Sikudanganya. Nilikuwa namsafishia jina."

"Kwa nani?" aliuliza Mama Vifungo.

"Kwenu. Mlimcheka."

"Tulimcheka kwa sababu tunampenda." Alisema hivyo akichomeka sindano kwenye mkono wa gauni lake. "Mimi Mkalimani nampenda tangu nikiwa na vitabu mgongoni. Nampenda na majivuno yake, na mbuzi wake. Lakini ya kumi na moja sijamsamehe mpaka leo, na kila nikiisoma nasubiri aseme, na kila mara hasemi. Wewe umetuondolea mtu huyo, ukatuletea sanamu iliyopakwa rangi. Sanamu nani ataihurumia?"

Nina majibu mengi kwa hoja hiyo. Nilikuwa nayo hata pale. Lakini kitabu kilikuwa mkononi, nikasoma sura ya kumi na moja, neno kwa neno. Nilipofika kwenye hotuba ya subira, sauti yangu ilinisaliti. Hotuba ile inaanza na maneno yanayofanana kupita kiasi na yale niliyoyasema wiki iliyopita, mbele ya meza, kuhusu utulivu.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumanne, 2 Aprili

Nimemwambia Shangazi. Nilimkuta jikoni akichambua mchele.

"Shangazi, kitambaa nilikitandika mimi vibaya. Sentimita hana kosa."

Hakuinua kichwa. "Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Lakini ukweli ni kwamba..."

"Ukweli naujua. Nimeshona miaka thelathini na mbili, baba. Mikono yote ya upande mmoja hutoka kwa mtandikaji, haitoki kwingine. Unadhani mimi mgeni wa kitambaa?"

"Ulijua? Na ukamfukuza?"

"Sikumfukuza, nimemwambia apumzike. Wewe una usaili wiki ijayo. Nimeshasema mtaa mzima kwamba mtoto wa mdogo wangu ni kichwa. Baba yako alikufa akisema huyu atatufutia aibu. Leo niseme kichwa chenyewe hakijui mbele na nyuma ya kitambaa?" Akatupa jiwe dogo nje ya dirisha. "Nyamaza. Nenda kasome. Baadaye nitamtafutia neno zuri yule binti."

Nimerudi chumbani. Nimekaa kitandani nikilitazama koti langu la usaili. Kwa mara ya kwanza nimeona jinsi lilivyoshonwa: mishono ya kwapani inavyolala, ukosi ulivyokatwa pacha kushoto na kulia. Alilikata Sentimita mwezi wa pili.

Jumatano, 3 Aprili

Nilingoja mpaka wote wawe karakanani, Shangazi akiwa mlangoni na ufagio. Nikapanda juu ya kigoda. Sijui kwa nini nilipanda kigoda.

"Waheshimiwa," nilisema. "Kuna jambo ambalo ninyi hamlijui..."

"Shuka, utaanguka," alisema Mama Vifungo.

Nikashuka. Hotuba yote ikapotea. "Nilitandika kitambaa vibaya," nikasema. "Niliambiwa uso kwa uso, nikafanya vingine. Nilipoulizwa nikakwepa. Sentimita amebeba kosa langu."

Kasuku alimtazama Mama Vifungo. Mama Vifungo alimtazama Kasuku. Kisha Kasuku akalalia cherehani, mabega yakitetemeka, nami nikadhani analia.

"'Jambo ambalo hamlijui'!" alipata kusema. "Mama, mshike, nakufa! Profesa, dunia nzima inajua! Hata muuza mkaa anajua! Aliuliza juzi, yule kijana wa mikono ya kushoto keshafanya usaili?"

"Mlijua tangu lini?"

"Tangu mkono wa nne," alisema Mama Vifungo.

"Tumshonee koti jipya la usaili," aliendelea Kasuku, akijifuta macho. "La mikono miwili ya kushoto. Akisalimiana na wakubwa, achague mwenyewe."

Kwa siku tisa nilikuwa nimebeba siri ambayo kila mtu alikuwa nayo mfukoni. Kwa siku tisa walinipa chai, wakaniita Profesa, wakasubiri.

Shangazi aliangusha ufagio. "Umenivua nguo mbele ya watu," aliniambia, akaingia ndani. Tulisikia mlango wa kabati. Akatoka na mwavuli na viatu vyake vya kutokea, hakunitazama, akaenda zake kwenye mvua kuelekea kwa akina Sentimita. Nikamfuata bila mwavuli.

Sentimita alikuwa barazani, akikata violezo kutoka kwenye magazeti ya zamani. Akamkaribisha Shangazi kwenye kiti. Mimi hakunikaribisha popote.

"Binti yangu," alisema Shangazi, "nilikosa. Nilimficha huyu kwa mgongo wako. Rudi, na kitabu cha vipimo ni chako kama nilivyosema."

"Utayasema hayo karakanani, Shangazi? Pale pale uliponiuliza aliyeshika mkasi nani?"

Shangazi aliukung'uta mwavuli wake. Ni mwanamke mzito kuomba radhi. Hilo tunalo katika ukoo. "Nitayasema."

"Basi kesho nakuja." Kisha akanigeukia. "Na wewe umekuja kusoma?"

"Nimekuja kukueleza."

"Unieleze nini nisichokijua? Mimi sikukasirikia mikono. Kitambaa hukosewa, na kutokagua ni kosa langu, hilo silitupi kwako. Nilikuuliza neno moja, ukanipa sentensi." Mkasi ulikuwa haujasimama hata kidogo. "Unajua, nilijua unaruka kurasa. Tukicheka na wenzangu, mimi nilisema: kijana huyu ana moyo, anamwonea huruma mtu wa kwenye karatasi asichekwe. Mtu wa kweli je, atamwachaje?"

Maji ya mvua yalikuwa yakitoka kwenye nywele zangu na kuingia machoni.

"Samahani," nilisema.

"Ongeza," alisema.

Nilitafuta la kuongeza, sikulipata.

"Hapo sasa vizuri," alisema. "Usiongeze."

Alhamisi, 4 Aprili

Shangazi ameyasema mbele ya wote, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge kikavu. Sentimita amekabidhiwa kitabu cha vipimo. Muuza vitambaa anasema jora la rangi ile ile lipo, lakini liko ghala la mji mwingine na barabara imeoza kwa mvua. Litafika Jumatano.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimepiga pasi makoti ishirini yasiyo na mikono. Kasuku anasema yanafanana na tasnifu.

Jumanne, 9 Aprili

Usaili. Jopo la watu watatu, chumba chenye feni isiyozunguka. Mwenyekiti, mwanamama mwenye kalamu nyekundu, alikuwa ameisoma tasnifu yangu yote, sikulitarajia hilo.

"Ukurasa wa sabini na nne," alisema. "Unaandika kwamba kimya cha Mkalimani ni cha kifalsafa. Tufafanulie."

Nilikuwa na ufafanuzi wa dakika kumi na mbili. Niliufanyia mazoezi tangu Januari.

"Si cha kifalsafa," nilisema. "Aliogopa."

"Lakini umeandika kinyume."

"Niliandika kabla sijajua jinsi kimya kile kinavyokaa mdomoni."

Wakatazamana. "Kwa hiyo unamhukumu Mkalimani sasa, pamoja na wahakiki wengine?" aliuliza mwenyekiti.

"Hapana. Bado nampenda. Nadhani nampenda zaidi. Ila nilikuwa nimemwondolea lile linalomfanya apendwe: kwamba anajiona hivi, sisi tunamwona vile, na yeye ndiye pekee asiyejua kwamba tunaona."

"Tasnifu yako basi ina kosa?"

"Ndiyo," nikasema, bila kiambatisho.

Aliandika jambo kwa ile kalamu nyekundu, refu kidogo. Wakasema watanijulisha. Nilipofika nyumbani Shangazi aliuliza, "Umewaonyesha?" Nikasema nimewaonyesha. Hakuuliza nini.

Alhamisi, 11 Aprili

Jora lilifika jana jioni likiwa limefungwa kwa turubai. Leo asubuhi nilikuwa wa kwanza mezani, mikono nimeiosha, maagizo ninayo kichwani: uso kwa uso. Nilikuwa nimefanya mazoezi kwa shuka zangu. Nilishalinyoosha tabaka la kwanza kuangalia juu, nalirudisha la pili kuangalia chini kwa ustadi mkubwa, Sentimita akaingia.

"Unafanya nini?"

"Natandika uso kwa uso."

"Tunataka mikono ya kulia peke yake, mia na ishirini. Ya kushoto tunayo ya kutosha mtaa mzima." Kasuku alishaanza kucheka kwenye kona yake. "Kiolezo nimekigeuza. Safari hii tandika yote uso juu."

"Yote uso juu," nilisema taratibu. "Kama nilivyofanya."

"Kama ulivyofanya."

Chumba kizima kilikuwa kinaningoja. Mama Vifungo alikuwa amesimamisha sindano hewani. Nilihisi hoja ikinipanda kifuani, hoja nzuri mno, yenye vipengele vitatu na hitimisho, kuhusu namna njia inayodharauliwa leo inavyoweza kugeuka kuwa njia sahihi kesho. Nikageuza jora, nikaanza upya.

Nilitandika matabaka thelathini. Nilikata kila moja mwishoni, nikarudi mwanzo wa meza, nikanyoosha kwa rula ya mbao. Nje kulikuwa kumetulia. Mvua ilikuwa imeacha, na watu walikuwa wakianika nguo.

Nilipomaliza Sentimita alikuja na kiolezo na chaki, akaviweka kando. Akainamia ncha ya meza, akaanza kukagua. Hakukagua la juu na la chini tu kama wafanyavyo wenye haraka. Aliyafunua yote, moja baada ya jingine, kwa kidole gumba, huku akihesabu kwa midomo bila sauti. Nilisimama upande wa pili wa meza, mikono nyuma, nikangoja. Zamani ningeona ni tusi.

Alipofika la ishirini na tatu akasimama.

"Mkunjo," alisema.

Niliuona. Ulikuwa mdogo, urefu wa unyoya. Na nilikuwa na maelezo: ubaridi wa asubuhi, ukavu wa kitambaa, pengine hata namna lile ghala lilivyolihifadhi jora.

Nikaingiza mkono, nikaukunjua. Yeye akaendelea na la ishirini na nne.